Ufa wa Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi imetoka! Hatimaye! Mhadhiri wa Jiolojia ya Matetemeko ya Ardhi. Tangazo limebandikwa ubaoni nje ya ofisi ya Mkuu wa Idara, karatasi bado ina joto la mashine. Nimelisoma nimesimama, kisha nikalisoma tena nimeegemea ukuta. Sifa zote wanazotaka ninazo, isipokuwa shahada ya uzamivu, machapisho na "moyo wa kushirikiana na wenzake". Hayo ni mapambo. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika idara hii tangu viti vya maabara vilipokuwa bado na migongo. Nafasi ni yangu. Haki ya Mungu ni yangu.

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Nikaling'oa. Limo mkobani, limekunjwa vizuri. Asiyeliona hawezi kuomba.

Nikafika nyumbani naimba. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa sebuleni na kompyuta yake, miguu kaipandisha juu ya kiti changu. Akaruka kama kachomwa sindano.

"Wifi! Umeona? Nafasi imetoka! Iko mtandaoni tangu jana!"

Mtandaoni. Sikuwa nimefikiria mtandao.

Akasema anaomba. Akasema na mimi niombe. Akasema itakuwa raha iliyoje! Mume wangu akatoka jikoni na taulo begani. Yeye ni mfamasia, kutwa yuko na vidonge, na vidonge havigombani. Akasema tukiomba wote wawili nafasi itabaki nyumbani. Kama vile anazungumzia kuku.

Iwekwe wazi hapa: mkataba wangu unaisha Juni. Mkuu wa Idara ameshasema vyeo vya usaidizi vinafutwa. Nikikosa hii, mimi ni mke wa mfamasia mwenye mawe mengi.

Jumanne, 4 Machi

Siyo wivu. Ni uchunguzi tu. Nimechunguza na kubaini yafuatayo.

Wifi alihamia kwetu Januari na masanduku yake na udaktari wake wa jiolojia. Kapewa chumba nilichokuwa naweka sampuli zangu za mawe. Sampuli zangu sasa ziko barazani, jirani kaanza kuanikia viatu juu yake. Ana nyundo ya kijiolojia yenye mpini wa ngozi. Yangu niliinunua duka la vifaa vya ujenzi na ni ya kung'olea misumari. Buti zake zina matope ya nchi ambazo mimi naziona kwenye ramani tu. Na akicheka, watu wote chumbani nao wanacheka, hata wasiojua kilichosemwa.

Leo alinifuata chuoni kuchukua fomu. Wanafunzi wangu wakanipita mimi, wakaenda kumwamkia yeye. Shikamoo Daktari huku, shikamoo Daktari kule. Wanafunzi ambao mimi ndiye niliyewafundisha tofauti ya udongo wa mfinyanzi na wa kichanga! Nikajikaza kisabuni. Nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

Jioni mama mkwe akapiga simu. Anaamini kwamba kazi tunayoiomba ni ya kuzuia matetemeko, na anashangaa ilikuwa wazi muda wote huo. Nikaona mlango umefunguka. Nikamweleza kwa sauti ya msibani kwamba kazi yenyewe ni kushinda ndani ya mashimo marefu ambayo kuta zake huporomoka, na kwamba mimi binafsi, kama mzazi, nisingependa binti yangu afanye kazi hiyo. Nikangoja apige marufuku.

Mama mkwe akasema huyo ndiye mwanawe hasa, tangu mdogo haogopi kitu. Akamwombea dua ndefu hapohapo. Alipomaliza akaniuliza kwa huruma, "Na wewe mkwe wangu, mbona wewe hawakupeleki shimoni?"

Ijumaa, 7 Machi

Tumeitwa wawili tu. Mimi na wifi. Kulikuwa na mwombaji wa tatu, kapata kazi kwenye kampuni ya maji akajiondoa. Mtu mwenye akili.

Mkuu wa Idara akatuita ofisini kutueleza utaratibu. Alhamisi ijayo jopo litatoka kwenda kuona kazi kwa macho. Kila mmoja atawaonyesha mahali alipopata ushahidi wa tetemeko la kale. Ijumaa ni maswali.

Kwa asiyejua kazi yetu: ardhi ikitetemeka kwa nguvu, matabaka ya udongo hukatika kwenye ufa, upande mmoja ukashuka, mwingine ukabaki juu. Miaka ikipita, udongo mpya unafunika jeraha. Sisi tunachimba handaki kuukata ule ufa, tunasafisha ukuta, tunasoma: hapa palikatika, hapa palipona, hapa pakakatika tena. Ndiyo kazi yenyewe. Inahitaji jicho, subira, na katapila.

Katapila! Idara ya ujenzi ya chuo inalo moja. Nilitoka ofisini kwa Mkuu nikitembea, nikapiga kona nikikimbia. Nikaliandikisha kwa jina langu wiki nzima, asubuhi na jioni. Msimamizi wa ujenzi akaniuliza nachimba nini wiki nzima. Nikamwambia historia.

Kisha nikamrudia wifi, nikamshika mkono kwa upole. Nikamwambia nimemfikiria sana, mgeni kama yeye hajui maeneo. Nikamshauri aende kwenye machimbo ya matofali, ng'ambo ya barabara ya shule. Nikamwambia pale pana siri.

Pale hapana kitu. Najua, maana nilipita pale enzi za tasnifu yangu. Jua lilikuwa kali, nikatazama kutoka kivulini, nikaandika kwamba hapana ufa. Chuo kikanipa shahada. Kwa hiyo hapana ufa.

Wifi akanikumbatia. Akasema hajawahi kuwa na wifi kama mimi. Nami nikamwambia kweli, hajawahi.

Jumatatu, 10 Machi

Handaki langu ni zuri! Nimechimba nyuma ya uwanja wa mpira wa chuo, chini ya ule mteremko ambao kila mtu anajua kwamba una ufa. Dereva wa katapila alitaka kuchimba upande wa juu, kwenye miti. Nikamwambia hapana, hapa chini pana kivuli.

Na tazama bahati ya mja! Ndoo za mwanzo tu, ukuta ukafunguka: udongo mwekundu umekatika wima, kando yake udongo mweusi umejaa. Umekatika kama keki. Sijawahi kuona ufa mwembamba na ulionyooka kiasi hiki, hata kwenye vitabu. Nimepiga misumari, nimefunga kamba, nyekundu kwa matetemeko, bluu kwa matabaka. Nimehesabu matetemeko matano makubwa. La chini kabisa nimelipa umri wa miaka elfu mbili, kwa makadirio ya jicho. Nililipa jina pia, lakini jina nitalitaja wakati wa sherehe.

Wifi amerudi jioni kafunikwa udongo mpaka nyusi. Nikamuuliza kwa masikitiko kama amepata angalau mtu wa kumchimbia. Akasema hakuhitaji. Watengeneza matofali wameshachimba kwa miaka, ukuta wao ni mrefu kuliko nyumba na umenyooka. Yeye alihitaji brashi tu.

Brashi. Mimi nimehodhi katapila la chuo kizima, yeye ananunua brashi ya kupakia rangi.

Nikamuuliza kama ameona kitu. Akasema mapema kusema. Lakini aliosha vyombo akiimba. Mtu anayeosha vyombo akiimba ameona kitu.

Jumatano, 12 Machi

Leo limetokea jambo ambalo lazima niliandike.

Alasiri nilikuwa barazani napanga sampuli zangu, wifi akaja akaketi juu ya kreti moja. Nilimtengea ile yenye misumari iliyochomoza, lakini akakaa nyingine. Akaanza kuongea bila kunitazama. Akasema miaka yote hiyo ya masomo amelala kwenye vyumba vya kupanga, kila mkataba mji mpya, kila mji ufunguo mpya. Amekula sikukuu peke yake akitazama simu. Akasema juzi asubuhi aliamka akasikia mimi namgombeza binti yangu kuhusu soksi, na kaka yake anatafuta miwani iliyo kichwani mwake, akalala tena akilia kidogo.

"Nakuonea wivu, wifi," akasema. "Nimeona bora nikwambie."

Ananionea wivu! Mimi! Yeye!

Nilimshika bega. Kwa dakika kadhaa nilimpenda kabisa. Nilitaka hata kumwambia kuhusu katapila.

Sikumwambia. Lakini nimefurahi jioni nzima. Nimepika nikifurahi. Nimemweleza mume wangu kwamba dada yake ana wivu na ni jambo la kusikitisha, mtu msomi kama yule.

Alhamisi, 13 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Jopo lilikuja saa tatu. Mkuu wa Idara. Profesa mmoja mgeni kutoka chuo kingine, mwembamba, asiyecheka. Na Afisa Utumishi wa chuo, bwana mmoja mnene mwenye viatu vya kung'aa, ambaye alisema tangu mwanzo kwamba yeye anaogopa mashimo. Wifi alikuwepo pia, utaratibu unaruhusu.

Nikaanza. Nilikuwa moto! Nikawapeleka kutoka kamba hadi kamba, tetemeko la kwanza, la pili, la tatu. Nikapaza sauti. Nikaeleza jinsi ardhi ilivyonguruma na wanyama walivyokimbia. Mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Profesa aliusogelea ukuta akaukwaruza kwa ukucha, akanusa ukucha. Sikupenda namna alivyonusa.

Nikafika chini, kwenye lile tetemeko la miaka elfu mbili. Nikasema hapa, waheshimiwa, hakuna mkono wa binadamu uliowahi kufika. Afisa Utumishi, ambaye woga ulimfanya aitazame ardhi tu, akainama. Akavuta kitu. Kikagoma, akakivuta tena, kikatoka.

"Na hii?" akauliza. "Nayo ni ya tetemeko?"

Kandambili. Ya bluu. Ya mguu wa kushoto.

Profesa akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba anavyoona yeye hili si handaki linalokata ufa. Ni handaki linalokata shimo la choo cha zamani. Ndiyo maana ukingo umenyooka. Ndiyo maana udongo mweusi. Mkuu akakumbuka hapohapo kwamba kweli, wakati uwanja unajengwa, vibarua walikuwa na kambi hapa.

Afisa Utumishi akaidondosha kandambili na kuipangusa mikono yake kwenye kamba yangu ya bluu.

Na hapo ndipo wifi akafungua kinywa. Kunitetea! Akasema kwa adabu kwamba tusihukumu haraka, pengine fuko amechimba njia yake, fuko huteremsha vitu chini sana, ameliona jambo hilo mara nyingi.

Profesa akamgeukia. "Daktari, ni fuko gani anayevaa kandambili?"

Hata Mkuu alicheka. Hata dereva wa katapila, ambaye hakuwa na ruhusa ya kusikiliza. Profesa hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ningeweza kuvumilia kuchekwa. Lakini kutetewa na yule! Kwa hoja nzuri!

Tukaenda machimboni. Nilikaa nyuma ya gari nikiomba mvua.

Wifi hakuwa na kamba wala misumari. Alisimama kando ya ukuta wa udongo akaupitishia brashi mara mbili. Hakukuwa na haja ya kusema. Tabaka jeusi la mfinyanzi lilikuja vizuri kutoka kushoto, likafika katikati ya ukuta, likakatika. Lilianza tena upande wa pili, chini, usawa wa goti langu. Na juu yake udongo uliotulia, na ndani ya huo udongo mkato mwingine mdogo. Msimamizi wa matofali alisema siku zote walidhani ni udongo mbovu tu na kuuruka. Afisa Utumishi alisahau woga wake, akaingia mpaka chini na viatu vyake, akauweka mkono wake kwenye mkato. "Ilishuka hivi? Kwa mara moja?" Wifi akasema ndiyo, kwa mara moja.

Kwa sekunde chache nilisahau kila kitu, nikawa natazama tu. Nimefundisha jambo hili miaka yote na sijawahi kuliona likiwa hai kiasi kile.

Kisha Profesa akauliza ufa unaelekea wapi. Wifi akanyoosha mkono. Sote tukaufuata mkono ule, ng'ambo ya barabara, juu ya ukuta mweupe, mpaka kwenye kiwanja ambacho mafundi walikuwa wanachimba msingi. Madarasa mapya ya shule ya msingi. Ilikuwa saa ya mapumziko. Sauti za watoto zilitufikia zote, na mmoja wa wale watoto ni wangu, yuko darasa la pili, na amekuwa akinihesabia siku za kuhamia darasa jipya lenye madirisha ya kioo.

Nikamshika mkono aliyekuwa karibu, akawa ni wifi. Naye alinishika.

Mkuu akauliza nani alifikiria kuja kutazama hapa. Wifi akasema bila kusita, "Wifi yangu ndiye aliyenielekeza. Alisema pana siri."

Wote wakanigeukia. Nikatazama chini kwa unyenyekevu.

Ijumaa, 14 Machi

Maswali.

Niliingia nikiwa na matumaini mapya. Usiku nimeona mambo kwa upande wao mwingine: nani kagundua ufa? Yeye kashika brashi tu. Mwenye kuelekeza ndiye mgunduzi! Nikavaa gauni la kijani.

Nikawaambia jopo kwamba nimekuwa na hisia kuhusu yale machimbo kwa miaka mingi. Kwamba nilimwachia kijana apate jina, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Mkuu akaguswa. Aliandika kitu. Afisa Utumishi akaguswa.

Profesa akafungua mkoba akatoa kitabu chenye jalada la kahawia. Nikalitambua jalada. Ni tasnifu yangu. Akasema ameipata maktaba jana, na amefurahi kuona nami niliwahi kuandika kuhusu machimbo hayohayo. Je, ninakumbuka nilichoandika?

Nikasema niliandika kwamba hapana ufa unaoonekana. Nikatia mkazo kwenye unaoonekana.

Akavaa miwani. Akasoma taratibu, kama anasoma wosia: "Hapana ufa wa aina yoyote, wala hautakuwepo."

Wala hautakuwepo! Kwa nini niliandika wala hautakuwepo? Nilikuwa kijana. Nilitaka kuonekana nina uhakika.

Nikatoka. Kwenye benchi la nje wifi alikuwa anangoja zamu yake, karatasi mikononi. Akaniuliza wakoje. Nikamwambia wanapenda sana mtu anayetaniana nao, hasa Profesa, amchekeshe bila woga. Akanishukuru.

Alipotoka alikuwa anafuta machozi. Nikasimama kwa haraka. Yalikuwa machozi ya kicheko. Kumbe yule bwana mwembamba hucheka! Walicheka wote mpaka katibu muhtasi akaja kufunga mlango.

Jumatano, 19 Machi

Matokeo bado. Lakini jambo la shule limekwenda kasi kuliko nilivyodhani. Wifi na Mkuu wa Idara walikwenda Jumatatu kuonana na mwalimu mkuu na mhandisi. Msingi umefukiwa. Madarasa yatajengwa upande wa pili, kwenye bustani ya mboga, mbali na ufa. Nilikwenda mwenyewe leo asubuhi kutazama. Nilisimama nje ya ukuta mpaka mafundi wakaniuliza natafuta nani. Nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba shimo limejaa. Limejaa. Nikapumua.

Kwa nini basi sikubaki na furaha hiyo? Kwa sababu mwalimu mkuu alipiga simu nyumbani kushukuru, na aliyetakiwa kwenye simu si mimi. Kwa sababu binti yangu kachora picha shuleni, mwanamke kasimama juu ya mlima ameshika nyundo, kaubandika mchoro wake mlangoni mwa jokofu. Nikamuuliza kwa sauti ya asali, huyo ni mama? Akasema hapana, ni shangazi. Nikamuuliza mama yuko wapi. Akanionyesha kona ya chini, kitu kidogo cha duara.

"Wewe uko ndani ya shimo," akasema.

Nimesogeza mboga za jokofu mara nyingi leo ili mlango ufunguliwe, huenda mchoro ukaanguka. Umeshikamana vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Kapata.

Bila shaka kapata. Mkuu alituita pamoja, akamtangaza yeye, akanitazama mimi kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nikampongeza wifi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi pongezi hiyo mbele ya kioo kwa hali zote, lakini nilikuwa nimekazia ile ya yeye kunipongeza mimi.

Nikaanza kufikiria Juni. Nikafikiria kufungua duka la mawe ya mapambo.

Wifi akasema ana neno. Akamwambia Mkuu kwamba anaikubali kazi, lakini ufa ule ni mrefu, lazima ufuatwe kutoka mwanzo hadi mwisho, na mradi wake unahitaji mtafiti anayeijua ardhi hii. Akasema anamtaka mtu aliyemwonyesha njia. La sivyo yeye naye atafikiria upya. Mkuu akakubali papo hapo. Mkataba wa miaka mitatu! Mtafiti! Nina kazi!

Halafu wifi akasema kuna jambo la mwisho. Mgunduzi hupewa heshima ya kupendekeza jina la ufa, na yeye amependekeza, na Profesa ameafiki. Utaitwa Ufa wa Wifi. Kwa heshima yangu.

Nilikumbatiwa. Mume wangu alileta soda. Akasema si alituambia, nafasi imebaki nyumbani. Mama mkwe alilia kwenye simu kwa furaha akaniuliza kama sasa na mimi watanipeleka shimoni. Nikamwambia ndiyo, mama, wananipeleka. Akasema Mungu mkubwa.

Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Ila tayari wanafunzi wanasambaziana kwamba Ufa wa Wifi umelala lakini ukiamka utaangusha nyumba. Na ofisi tumepewa moja. Meza yake iko dirishani. Yangu inatazama kabati. Nimepima: meza yake ni pana zaidi.

Jumapili, 30 Machi

Limetetemeka!

Asubuhi, tunakunywa chai. Vikombe vikaanza kugongana vyenyewe, taa ikabembea, mbwa wa jirani akabweka akirudi nyuma. Halikuwa kubwa. Tulishuka chini ya meza mimi, mume wangu na binti, na wifi alikuwa bafuni akipiga kelele tukae hukohuko. Likaisha. Hakuna aliyeumia. Bakuli moja la mama mkwe lilivunjika, lile baya.

Simu ya mezani ikalia. Kituo cha redio. Mtangazaji akasema anatafuta mtaalamu wa matetemeko anayeishi hapa, wako hewani, wananchi wana hofu.

Maji bafuni yalikuwa bado yanatiririka.

Nikasema ndiye mimi. Akauliza anitambulishe vipi. Kinywa changu chenyewe kikasema, "Daktari."

Nikakohoa, nikaanza. Najua vizuri kabisa kinachotakiwa kusemwa. Nakifundisha! Unasema mitetemo midogo inaweza kufuata, watu wakae mbali na kuta zenye nyufa, wasirudi ndani haraka. Wifi angesema hivyo. Kila mtaalamu angesema hivyo. Na ndiyo maana nikaona niseme tofauti, nikumbukwe. Nikasema kwa sauti ya utulivu: wananchi, limekwisha. Rudini ndani. Nawahakikishia, halitarudi.

Likarudi.

Redioni lilisikika vizuri sana, kwa maelezo ya jirani, ambaye hajaacha kucheka tangu asubuhi. Vikombe, kisha mimi nikisema Yesu na Maria, kisha simu ikianguka.

Wifi akatoka na taulo kichwani. Hakuuliza kitu. Akaokota simu, akajitambulisha kama mwenzangu kazini, akasema alichomaanisha mwenzake ni kwamba lile kubwa limepita, na haya madogo ni ya kawaida, watu wakae nje uwanjani kwa saa chache, wawaangalie wazee na watoto. Dakika chache tu. Nikaona kupitia dirishani majirani wanatoka na viti vyao, wametulia. Mtangazaji akamshukuru Daktari. Akamshukuru na msaidizi wake.

Wifi akakata simu, akarudi mezani, akaniuliza kama ananiongezea chai. Nikasema aongeze. Akasema mara ya kwanza hewani kila mtu hubabaika, hata yeye. Mtu mwema sana, wifi yangu. Nisiseme uongo.

Lakini ile sauti! Kaitoa wapi? Nzito, laini, inaingia sikioni kama mafuta. Elimu haitoi sauti kama ile. Lazima kuna kitu anakunywa. Nimemchunguza mchana wote: kila mara kabla ya kupokea simu, na leo simu hazikwisha, anakunywa maji ya uvuguvugu yenye tangawizi.

Tangawizi nimeificha.